Kura Moja Iliyozidi

Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu. Katika kijiji kimoja cha Minesota, mzee Torvald alihesabu kura mara tatu, akapata mia na kumi na mbili. Kwenye daftari la wapigakura, waliotia sahihi ni mia na kumi na mmoja.

"Kuna mwizi humu! Matokeo hayatoki!" alimfokea shemeji yake Gudrun, msimamizi wa kituo cha kura. "Nikikosea, nitakuzolea theluji mlangoni msimu mzima."

Gudrun akafungua daftari la pili, la waliojiandikisha na kutia sahihi asubuhi ileile ya kura. Lilikuwa na jina moja tu.

"Nani kahamia kwa bintiye juzi, akabidi kujiandikisha upya leo, shemeji?"

Torvald akaitazama sahihi yake mwenyewe, akajikuna kisogo.

"Koleo la theluji unaliweka wapi?"