Winga wa Kwenda Kigoma

Mwaka 1972, malori ya jeshi yalipoanza kuchukua walimu kuwapeleka kambini wasirudi, timu yetu ya makuli wa bandarini ilikuwa na mechi Kigoma, ng'ambo ya mpaka. Meli ilikuwa inaondoka Jumamosi, na ilibaki nafasi moja tu ya kujaza, winga wa kushoto. Mimi ndiye niliyekuwa kocha, na niliitaka nafasi ile kwa ajili ya shemeji yangu Népomuscène, mwalimu wa shule ya Carama, ambaye kaka yake alikuwa ameshachukuliwa. Akifika Kigoma, harudi. Mkewe Mwavita, mdogo wangu, alikuwa mjamzito, na hofu ilikuwa imemwondolea usingizi na hamu ya kula.

Tatizo ni kwamba kila mchezaji alipitishwa na luteni mmoja aliyewekwa kutusimamia. Nilimweleza ninavyowapima mawinga. Kwanza, anamwacha beki umbali gani kabla pasi haijamfikia. Pili, mpira wa juu ukija na beki amemgandia mgongoni, nani anaupata. La kwanza Népo alikuwa nalo, anateleza kama sabuni. La pili, maskini, aliogopa viwiko. Wiki nzima nilimpigia mipira ya juu huku Anselme, beki wetu mnene, akimsukuma, na nilimtukana mpaka sauti ikakauka.

Ijumaa luteni akavua shati la jeshi, akasema yeye mwenyewe atamkaba Népo. Krosi ya kwanza Népo alimtoka luteni, akafunga kwa raha. Ya pili niliipiga juu, wakaruka pamoja. Nilimwomba Mungu Népo aupate, kisha nikaomba asimuumize yule mtu. Akaupiga kichwa vilevile nilivyomfundisha, ukaingia. Luteni akaanguka chali kwenye vumbi. Hakuna aliyecheka.

Akainuka, akajipangusa, akamshika Népo bega huku anatabasamu.

“Uyu ni mukali,” akaniambia. “Kigoma apana, tafuta mwingine. Uyu atachezea kambi yetu. Ninaenda naye sasa.”

Nikasema amebahatisha tu, kwamba siku zote ni mwoga, amuulize Anselme. Luteni akacheka, akasema macho yake hayajapofuka, kisha akafungua mlango wa jipu.

Népo alipanda na jezi yetu mwilini. Akaniangalia.

“Shemeji, umwambie Mwavita wamenichagua.”

Jipu likaondoka. Nikaogopa kwenda nyumbani kwa Mwavita.