Mita Nayo Ilikuwa Inakunywa

Katika karakana ya fundi redio, kapasita, kile kifaa kidogo cha kutunza umeme, haikusemwa imejaa. Ilisemwa imeshiba. Kimya, kama walivyozoea kumwita nyumbani, alilipenda neno hilo tangu siku ya kwanza alipokuja kujifunza kazi. Aliwasha swichi akautazama mshale wa mita ya kupimia umeme ukipanda: mwanzo mbiombio, kama mgeni aliyefika na njaa ya safari, halafu polepole, halafu polepole zaidi, mpaka usijue kama bado unakwenda au umesimama unawaza.

"Haimalizi sahani, hiyo," fundi alisema bila kuinua macho. "Sasa kata umeme uone njaa inavyorudi."

Akakata. Taa ndogo iliyoungwa pale haikuzimika papo hapo. Ilififia kidogo kidogo, kama mtoto anayekataa kulala. Kimya akaimba chini kwa chini wimbo ambao Bibi alimbembelezea zamani. Huo ndio uliokuwa saa yake. Jana, Bibi alipopanda ngazi za nyumbani, Kimya aliuimba kuanzia mlango wa chini, na Bibi akafika chumbani kwake pamoja na neno la mwisho.

Shida ilikuwa taa ya ngazini. Ukibonyeza kitufe inawaka, lakini hujafika popote imeshajizima. Bibi alikuwa ameanguka mara moja katika giza hilo. Mjomba akasema akianguka tena anamchukua akakae kwake, atake asitake. Bibi hakubishana na mwanawe. Alianza tu kukitazama chumba chake kama mtu anayekiaga.

Pale mezani kwa fundi taa ilizimika kabla wimbo haujaisha. Kimya akaunga kapasita ya pili ubavuni mwa ya kwanza, akaimba upya. Safari hii mwanga na wimbo vikaisha pamoja. Akachomoa waya za mita, akaenda kuzifunga kapasita zote mbili kwenye taa ya ngazini.

Jioni Mjomba alikuja kushuhudia.

"Haya, injinia," alisema akiegemea ukuta wa chini. "Tuione hiyo taa yako ya kusinzia."

"Usimcheke mwenzio," Bibi akamwambia. "Wewe ulilala na taa mpaka ukaota ndevu."

Akabonyeza kitufe, akaanza kupanda. Kimya alimfuata nyuma, wimbo ukienda moyoni mwake. Katikati ya ngazi Bibi akasimama, akashika ukuta, akavuta pumzi.

"Bibi, jana hukusimama hapa."

"Jana ulikuwa unanipima. Ulitaka nijikokote mbele ya mtu anayenipima?"

Kimya akasogea ngazi moja karibu naye. Wimbo ulikuwa ukingoni. Ukaisha. Akanyoosha mikono nyuma ya Bibi, akalisubiri giza.

Halikuja. Mwanga ulilegea tu, ukawa rangi ya asali, ukatandaa ukutani taratibu mpaka ngazi zikaonekana kama zimo ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Bibi alipumzika akatosheka. Akapanda zilizobaki, hatua moja na nyingine, akashika kitasa cha mlango wake. Taa ilifumba jicho mlango ulipokuwa umeshafunguka.

Kule chini, gizani, Mjomba aliubandua mgongo ukutani.

"Haya, Mama," akasema. "Kaa kwako."

Kesho yake Kimya alimsimulia fundi, naye akacheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Ulipopima, mita ilikuwa imeungwa muda wote?"

"Ndiyo."

"Basi nayo ilikuwa inakunywa umeme humohumo. Ulipoichomoa, kapasita zikabaki na shibe yao yote. Kaitoe ile ya pili, muda utakuwa sawa."

Kimya aliutazama mshale, uliokuwa ukipanda na kuwaza.

"Iache tu," akasema. "Bibi anapenda kupumzika pale katikati."