Baiskeli Iliyoota Kwemlongo

Usiku wa jana niliota nimefika Kwemlongo, kule milimani ambako njia za baiskeli zinakatiza mashamba ya kabichi. Mke wangu, Mwanaidi, huenda huko kila Jumamosi na wenzake wa kikundi cha waendesha baiskeli. Kila akinialika, mimi humwambia goti linauma. Goti ni zima kabisa. Ukweli ni kwamba nina miaka hamsini na miwili na sijui kuendesha baiskeli, ila wakati wa posa nilijigamba kwamba nilikuwa bingwa. Naona aibu mpaka leo.

Katika ndoto nimekokota baiskeli yake hadi langoni. Kuna kibao cha mbao kimevaa koti la mvua.

“Soma,” kinaniambia.

Nasoma: KILA MGENI APANDE BAISKELI.

Nataka kugeuka nirudi nyumbani. Halafu nakumbuka kwamba mimi ni mkulima, kupanda ndiyo kazi yangu. Nachimba shimo la futi mbili, natia samadi debe moja, naisimamisha baiskeli na kuifukia hadi kwenye pedali.

Kibao kinanitazama kwa heshima. “Miaka kumi nipo hapa. Wote wanasoma, wanaikalia, wanaondoka zao. Wewe ndiye wa kwanza kutii.”

“Asante. Nafasi kati ya moja na nyingine?”

“Mita tatu. Ukizibana zinagombana.”

Nageuka kutafuta maji, na shamba limekuwa sebule ya wakwe zangu. Baba mkwe anamimina chai. Hodi inapigwa, na njia yenyewe ya baiskeli inaingia, ndefu, imejaa matope, inajikunja kwenye mkeka. Hakuna anayeshangaa. Baba mkwe anaiuliza tu kama inatumia sukari.

“Shikamoo,” naiamkia, maana kwa umri imenizidi.

“Marahaba, mwanangu. Mkeo nimemzoea, wewe sijakubeba hata siku moja. Unajua kila Jumamosi, kwenye kona ya mwisho, anasimama na kutazama nyuma?”

“Anatazama nini?”

“Anamsubiri mtu wa goti.”

Naweka kikombe chini. Nilidhani nimeficha aibu yangu tu, kumbe nimemwacha mwenzangu peke yake miaka yote hii. Nasikia uchungu wa kweli.

Mwanaidi anaingia na helmeti kichwani. Nasimama mbele ya wazazi wake na ile njia.

“Mama Kiango, sijui kuendesha baiskeli! Sikuwahi kujua!”

Sauti yangu mwenyewe ndiyo iliyoniamsha. Kulikuwa kumekucha. Mwanaidi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anafunga kamba za viatu.

“Najua, Baba Kiango,” alisema. “Goti gani linaloitambua Jumamosi?”

“Samahani. Nilikuwa naota.”

“Basi hukuota peke yako. Njoo nje.”

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko kama kawaida. Kwenye usukani, upande wa kushoto, lilikuwa limechomoza jani moja changa, bado limejikunja. Nililigusa kwa ncha ya kidole.  Mwanaidi alishika kiti kwa mikono miwili, akaikaza miguu yake ardhini.

“Panda, nimekushika,” alisema. “Angalia tu usilivunje jani.”