Siku Maji Hayakuamshwa

Kambare alipoinua uso na kumwona mumewe amesimama juu ya jiwe la kurukia, alidhani macho yanamchezea. Mume wake huyu ni fundi cherehani, mtu ambaye hadi mwaka jana alikuwa akijimwagia maji kwa kopo huku mkono mmoja umeshika ukuta kwa kuyaogopa. Amefuata nini kwenye maporomoko asubuhi yote hii? Tena amevaa suruali yake ya kazini, na tepu ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Fundi! Kuna msiba?" alipiga kelele kutoka katikati ya bwawa. Maporomoko yaliimeza sauti yake yote.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, la sivyo lawama zitamwangukia asiyehusika. Kambare alikuwa mwongozaji. Kazi yake ilikuwa kuwachukua wageni kwenye hoteli za ufukweni, wakiwa bado wanateleza kwa mafuta ya jua, na kuwapandisha mlimani kufuata mto. Kulikuwa na maporomoko matatu. Kwenye la kwanza maji yalifika magotini, hapo ndipo waoga walipojifanya mashujaa. La pili lilikuwa na mwamba laini, unakaa juu yake unateleza mpaka chini, ukifika umeshasahau umri wako. La tatu ndilo lililowaleta watu kutoka mbali. Lilikuwa na bwawa pana lenye kina, na juu yake jiwe lililochomoza kama kibaraza. Hapo ndipo watu waliporukia. Jina la Kambare alipewa na wenzake, maana akishaingia majini humshiki.

Waongozaji walikuwa na kazi moja isiyokosekana, waliyoiita kuamsha maji. Kabla mgeni yeyote hajaruka, mwongozaji aliruka kwanza kutoka juu ya jiwe, akazama mpaka miguu ikagusa chini, kisha akapapasa kwa mikono chini ya jiwe kote. Wageni waliona ni mbwembwe za kupiga picha. Kumbe mto huleta vitu. Mvua ikinyesha huko juu, unashusha mawe, matawi, hata mbuzi mzima, na maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa huoni kilichomo. Mji mzima ulijua utaratibu huo. Hata muuza maji ya chupa wa njiani, akimwona mwongozaji amelowa chapachapa, alijua bwawa limeshakaguliwa.

Na aliyesimamia utaratibu huo alikuwa Mkubwa, mwenye kikundi cha waongozaji, ambaye pia alikuwa kaka wa damu wa Fundi. Mkubwa hakuwa mtu wa kubembeleza. Alishasema mbele ya watu kwamba mwongozaji asiyeweza kuruka akatafute kazi ya kufua mashuka hotelini. Kambare aliyasikia maneno hayo na kuyaweka moyoni, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Kwa sababu Kambare alikuwa mjamzito. Mimba mbili za nyuma zilitoka kabla hata hazijaonekana, na ya pili ilimlaza kitandani akitazama ukuta mpaka watu wakaogopa kubisha hodi. Safari hii nesi wa zahanati alimshika mkono, akamwambia wazi: "Kutembea tembea tu, kuogelea polepole sawa. Lakini kule kuruka kwako, acha. Sitaki kusikia."

Hakumwambia mtu. Mume asingejua mpaka mimba ikomae, maana hakutaka kumwona tena akikunja vile vinguo vya mtoto alivyokuwa amevishona kwa siri na kuvirudisha kabatini. Na Mkubwa ndiyo kabisa, asingejua. Kwa hiyo siku hiyo, ya kwanza tangu nesi amkataze, Kambare aliwaacha wageni wakivua viatu, akaingia bwawani kwa upande wa chini, kwenye mchanga, kama mtu anayeingia kitandani bila kumwamsha mwenzake. Akaogelea mpaka katikati. Akapapasa kwa miguu hapa na pale, akakuta mchanga na maji tu. Chini ya jiwe lenyewe hakufika, maana mkondo ulikuwa mkali pale na alihofia tumbo lake. Akajiambia panatosha. Panatosha! Mtu aliyeifanya kazi ile miaka yote hiyo.

Wageni wa siku hiyo walikuwa maharusi waliokuwa kwenye fungate. Bibi harusi alishapanda jiwe, vidole vya miguu viko ukingoni, anasubiri neno. Kambare alikuwa ameshafungua mdomo amwambie aruke. Ndipo Fundi akatokea kwa njia ya juu, anahema, akamgusa yule binti begani.

"Dada, samahani, nipishe kidogo."

Bibi harusi akampisha huku anacheka. Fundi akaweka mikono mdomoni, akaita kwa nguvu zake zote, na safari hii sauti ikayapita maporomoko.

"Mama mtoto!"

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Kambare hivyo. Kumbe asubuhi ile Fundi alipeleka sare za manesi zahanati, na yule nesi, akidhani baba wa mtoto hawezi kukosa habari, akampa hongera. Fundi akaacha cherehani, akaacha wateja, akapanda mlima mbio. Usiku mmoja wa ile huzuni ya mimba ya pili alikuwa amemwambia mkewe, "Siku mimba ikikaa, nitaruka kwenye jiwe lako." Kwa ajili hiyo alikubali kufundishwa kuogelea, jioni baada ya jioni, akimeza maji na kukohoa na kurudi tena.

Palikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Usiruke. Kambare hakulisema, maana furaha ilikuwa imemsahaulisha kila kitu. Alikuwa akimtazama mumewe na kufikiri, anajua, jamani, anajua, na anacheka. Alipokumbuka chini ya jiwe pakoje, miguu ya Fundi ilikuwa imeshaachana na jiwe.

Mlio wa maji kupasuka haukusikika. Kilisikika kishindo kizito, kama gunia lililotupwa sakafuni, kisha maji yakafunga. Bwana harusi alipiga makofi. Alipiga makofi peke yake, kisha akaacha.

Kambare alizama. Mkondo ule alioukwepa dakika chache nyuma aliuingia kichwa mbele, tumbo na yote. Mikono yake ikagusa kitu kigumu chenye magamba. Lilikuwa gogo, mti mzima umelala kwa ubavu chini ya jiwe, matawi yake yameelekea juu. Shati la Fundi lilikuwa limenasa kwenye tawi. Alilivuta, likakataa, akalivuta tena mpaka likachanika, akaibuka na mumewe kifuani. Bwana harusi aliingia na nguo zake akasaidia kumtoa. Juu ya jiwe, bibi harusi alikuwa amekaa chini, ameshika magoti yake, anatazama maji ambayo kidogo tu yangekuwa yake.

Fundi alitapika maji, akafumbua macho.

"Nesi ameniambia," alisema. Kisha akaanza kupiga kelele za maumivu.

Zahanati walimlaza kwenye chumba cha mwisho. Daktari alisema nyonga imevunjika na mbavu zimepasuka, ataishi, ila suala la kutembea wasubiri. Nesi alimpima Kambare nyuma ya pazia, kisha akasema mapigo ya mtoto yapo. Kambare hakuweza hata kulia. Kila kitu kilikuwa kinamfikia kwa mbali, kama habari za nyumba ya jirani.

Mkubwa aliingia na filimbi yake ya kazi bado shingoni. Alikuwa ametoka kulipapasa lile gogo kwa mikono yake mwenyewe. Alisimama miguuni pa kitanda cha mdogo wake, akamtazama shemeji yake.

"Shemeji, asubuhi uliyaamsha maji?"

Gogo lingeweza kushuka wakati wowote. Lingeweza kushuka hata baada ya ukaguzi, mto hautoi taarifa, na hakuna binadamu ambaye angebisha. Kambare alikuwa na jibu jepesi mdomoni, na kabla hajalitoa, Fundi alisema kutoka kwenye mto wake:

"Aliyaamsha. Nilimwona."

Kambare aligeuka akamtazama kwa mshangao. Wakati ule Fundi alikuwa bado yuko njiani na tepu yake. Hakuona kitu. Alikuwa amelala pale hajui kama atasimama tena, na bado anamdanganya kaka yake kwa ajili ya mkewe, bila hata kumuuliza kwanza. Lile lilimuumiza kuliko kishindo cha bwawani.

"Hakuniona," alisema. "Sikuruka. Niliingilia mchangani, chini ya jiwe sikufika. Nesi alinikataza kuruka, nina mimba. Niliogopa ukijua utanitoa kazini. Nilikuwa karibu kumwambia yule bibi harusi aruke."

Fundi alifumba macho. Kambare akamsubiri Mkubwa alipuke. Alitaka alipuke. Ngumi, matusi, kufukuzwa mbele ya manesi, chochote kingekuwa nafuu.

Mkubwa alivua filimbi shingoni, akaishika bila kujua aiweke wapi.

"Ungeniambia tu, shemeji," alisema. "Ningeruka mimi."

Kambare akatafuta kiti kwa mkono, hakukipata, akakaa sakafuni.