Maji ya Emlyn Prosser

Clete Rademaker alikuwa na tabia ya kunoa njumu za viatu vyake kwa tupa mbele yetu sisi wapinzani wake, huku akipiga mluzi. Kazi yake katika besiboli ilikuwa kuiba vituo: mrushaji mpira akizubaa kidogo tu, yeye keshachomoka kituo cha kwanza, yuko cha pili. Na kituo cha pili pale kwetu Scranton kililindwa na rafiki yangu Emlyn Prosser, Mwelshi aliyetoka kwenye migodi ya makaa.

Agosti 1908 Rademaker alikuja akiteleza miguu juu, akamkata Emlyn kano ya kisigino kwa njumu. Akasimama, akajipangusa vumbi.

"Rudi mgodini, Mwelshi. Kule watu wanatambaa."

Emlyn hakucheza tena. Bosi wa timu yetu alimpa reki na ndoo atunze uwanja. Mimi nikachukua nafasi yake.

Mwaka uliofuata timu ya Rademaker ilikuja, na jukwaani alikaa mtu wa ligi kuu aliyetumwa kumtazama akikimbia, pengine amsajili. Asubuhi hiyo nilimkuta Emlyn ameimwagilia njia ya kwenda kituo cha pili mpaka imekuwa uji, sasa anatandaza vumbi kavu juu yake. Nikaenda zangu kuvaa jezi.

Kila Rademaker alipochomoka, ardhi ilimmeza nyayo. Nilimngoja na mpira mkononi kama mtu anayengoja kahawa. Yule wa ligi kuu akavaa kofia, akaondoka kabla mchezo haujaisha.

Rademaker akamvamia Emlyn. "Umemwaga maji, mshenzi wewe!"

"Mvua hiyo."

"Mvua gani? Jua limewaka wiki nzima!"

"Basi imeninyeshea mimi peke yangu."

Nilidhani yameisha. Kumbe baridi ilipokwisha bosi wetu akamnunua Rademaker kwa bei ya chee, ikawa uwanja wa Emlyn ndio wake wa nyumbani. Kila siku ya mchezo Emlyn alimwagilia. Sisi wengine tulikuwa wazito, hatukuwa watu wa kuiba vituo, haikutudhuru.

Mwezi Mei Rademaker alimwendea, kofia mkononi. "Emlyn, ndugu yangu, mke wangu ana mimba. Inatosha sasa."

"Mimi nilikuwa na miguu miwili," Emlyn akajibu, akaendelea kujaza ndoo.

Juni bosi akamfukuza Rademaker, maana hakuweza tena kuiba vituo. Tulimwona akipanda treni na mkewe, hakuna aliyewaaga. Nikasema namhurumia.

"Mhurumie wewe, Gus," Emlyn alisema. "Mimi nataka bia."

Tukaenda kunywa. Alilipa yeye.