Biskuti ya Mtu wa Nne

Fundi cherehani aliyemwoa mama yao alikuwa amekaa miezi kadhaa katika nyumba ile, na watoto bado walimwita "Fundi," kama wateja wake. Si kwa ubaya. Walimwamkia asubuhi, walimpokea mfuko jioni, na kila alipowashonea kitu walisema, "Asante, Fundi." Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; yeye muda wote huo hakuna aliyempa hata kijiko. Heshima ile ilikuwa inammaliza.

Basi mke wake, muuguzi, alipoitwa kazini ghafla asubuhi ya mkesha wa sikukuu, akamwachia watoto na unga wa biskuti uliokwisha kukandwa, moyo wa Fundi uliruka kwa furaha.

"Wewe simamia tu," mkewe alimwambia akivaa viatu. "Wanajua kila kitu. Usijitie ujuzi."

Walijua kweli. Msichana mkubwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Hakimu kwa kuwa hajapata kumwachilia mtu huru, alinyunyiza unga mkavu mezani, akausukuma ule uliokandwa mpaka ukawa sawasawa kila upande. Mdogo wake, Kitumbo, alikuwa na kazi ya kulamba bakuli, na aliifanya kwa moyo wote. Desturi yao kila sikukuu ilikuwa hii: kila mtu wa nyumba hukatiwa biskuti ya umbo lake, huvishwa nguo za sukari ya rangi, kisha huliwa na mwenzake.

"Mama," Hakimu alisema, kisu kikizunguka sketi. "Mimi. Na huyu Kitumbo." Akaweka kisu chini, akaenda kunawa mikono.

Fundi akahesabu. Watatu. Akahesabu tena, kana kwamba biskuti huzaana zikitazamwa. Angeuliza, lakini mtu mzima na ndevu zake anaanzaje kusema, "Na mimi je?" Iliuma, tena iliuma vibaya. Akatafuta kazi ya kushika.

Kazi ilikuwepo. Mezani pamebaki vipande: pembe, vijiti vyembamba, kile cha katikati ya miguu ya Mama. Fundi hajawahi kutupa kipande maishani mwake. Haba na haba hujaza kibaba, na viraka vyote alivyowahi kushona vilitoka kwenye haba hizo. Akavikusanya vyote, akavisukuma upya, akakata nyota. Akazipanga kwenye trei pamoja na wale watu watatu, kama anavyopanga vipande juu ya kitambaa cha bei kali: ncha kwa ncha, huyu kichwa chini, ile nyota kwapani mwa mwingine. Mezani hapo hata sisimizi angeondoka na njaa. Akafunga mlango wa oveni akiwa amejipenda kidogo.

Hakimu alirudi mikono ikimdondoka maji. Akaitazama meza.

"Masalio yako wapi?"

"Yamekuwa nyota, yako ndani. Sijapoteza hata chembe."

Hakimu aliitazama oveni, kisha akamgeukia Fundi.

"Yale yalikuwa wewe," alisema.

"Mimi?"

"Wewe ni mtu mkubwa, unakatwa mwisho, kwa masalio yote, ndiyo unatosha. Nilienda kunawa kwa sababu unga ukikusanywa unanata."

"Amejikata nyota," Kitumbo alieleza kutoka ndani ya bakuli.

Fundi alisimama na mikono yake mitupu. Alikuwa na nafasi, na alikuwa ameikatakata yeye mwenyewe, kwa ustadi mkubwa. Hakujua acheke au alie, na alikuwa bado anachagua, mara Kitumbo akanusa hewa.

"Fundi, unaungua."

Trei ilipotoka, hapakuwa na mtu wala nyota. Biskuti zote zilikuwa zimetanuka, zikashikana, zikawa bamba moja lenye kingo za kahawia.

"Hukuacha nafasi," Hakimu alisema.

"Kitambaa hakitanuki."

"Hiki si kitambaa, Fundi."

Akalizunguka bamba lile kama mpima viwanja. Mwishowe akachukua sukari ya rangi, akachora sketi ya Mama pale alipodhani Mama yuko, akajichora mwenyewe, akamchora Kitumbo akiwa na mdomo mkubwa. Sehemu yote iliyobaki akaipaka koti la bluu, lenye vifungo vingi na mikono isiyo na mwisho.

"Mbona mimi niko kila mahali?" Fundi aliuliza.

"Umejipanga mwenyewe."

Mama yao alirudi jioni, akakuta trei mezani, akainama.

"Huyu aliyewazunguka wote ni nani?"

"Fundi," watoto walijibu pamoja, kama wanaoulizwa jina la mtaa wao.

Mama akacheka mpaka akakaa. Ikaonekana mara moja kwamba hakuna njia ya kumfikia mtu yeyote bila kumla Fundi kwanza, basi wakaanza na koti. Hakimu alitafuna kifungo, akafikiri, akatoa hukumu.

"Mwaka ujao," alimwambia, "usiguse masalio."

"Sitagusa," alisema Fundi, akageukia sinki na kuanza kuosha bakuli ambalo Kitumbo alikuwa ameliacha safi kabisa.