Udongo wa Karura Ulivyochemshwa

Mulama alidondosha dawa ya kuoshea vidonda juu ya udongo uliokuwa mkebeni, akangoja. Hakuna kilichotokea. Akadondosha tena, sasa akiwa amepiga magoti uani, shavu likikaribia kugusa mkebe.

"Unausikiliza?" Nthambi akauliza. "Ulisema utatoa povu, hukusema utaimba."

Nthambi ndiye aliyewasemea wapangaji wa ploti ile ya mtaa wa Baba Dogo, na mwenye mkokoteni alikuwa tayari langoni. Nyuma ya choo kulikuwa na biwi la maganda ya viazi na mabua ya sukuma wiki ambalo Mulama alitaka kuligeuza mbolea. Wapangaji walitaka mkokoteni uliondoe. Aliwaahidi kwamba udongo wa msitu ukichanganywa na takataka zile utazila mpaka harufu iishe, kwa kuwa una uhai. Leo alitakiwa auonyeshe huo uhai.

Alikuwa kibarua kwenye kitalu cha miche katika msitu wa Karura. Huko alijifunza kwamba bakteria wa udongo hutoa vimeng'enya, kitu kama mate, vya kuyeyushia majani yaliyoanguka. Kimojawapo huipasua dawa ya vidonda, povu likafura kama pombe ya busaa.

Akachukua udongo kidogo, akaunusa. Ulinuka moshi.

"Mama Nasike," akamwita mkewe taratibu, "udongo huu umeufanya nini?"

Khalayi akatoka akifuta mikono. Aliuza mitumba katika soko la Gikomba, na hakuna nguo iliyovuka mlango wake bila kuchemshwa kwanza.

"Nimeuchemsha. Kitu hujui kimetoka kwa nani, unakiingizaje kwenye chumba chenye kitanda?"

Nthambi akacheka hadi akashika ukuta. "Na pasi umeupiga?"

"Makaa yaliisha."

Mulama hakukasirika. Alifikiri kidogo, kisha akaketi, akavua gambuti moja ya mpira na kukwangua kwenye soli matope ya msituni ya asubuhi ile. Akayadondoshea dawa. Povu jeupe likainuka likichirizika.

"Hiyo ni sabuni," Nthambi akasema upesi. "Huyu mkeo huosha hata kuni."

"Gambuti zake sizigusi, zinanuka," Khalayi akajibu. Kisha akautazama mkebe, sauti ikashuka. "Kwa hivyo humu mimi nimeua nini?"

"Wengi. Lakini hukuwaona."

Khalayi akachota matope kidogo ya gambuti, akayakoroga na udongo wake uliochemshwa, akanyunyiza maji na kufunika na kifuniko cha sufuria. "Waachwe hapo. Tuone kama watazaana."

Nthambi alikuna kichwa. "Siwezi kwenda kuwaambia watu nimeshindwa na kiatu. Kesho jioni lete debe zima la udongo, na lisipitie kwa huyu." Akamgeukia mwenye mkokoteni. "Na wewe rudi kesho. Huenda ukabeba, huenda usibebe."

Mulama akarudisha mguu kwenye gambuti, akachukua uma wa shamba na kuanza kulipindua biwi ili liwe tayari. Alifika katikati giza likaingia. Akauchomeka uma pale alipoishia, akaenda kula.